Kioo cha Gari ya Baba Metrine

"Baba Metrine, kwa nini gari yako haina kioo cha kuangalia nyuma?"

Nilimwuliza hivyo mwaka wa 1967, nikiwa na miaka sita, nimening'inia kwenye mlango wa gari yake hapo Kaloleni, Kisumu. Juu ya kioo cha mbele kulikuwa na matundu mawili ya skrubu, na kati yake hakuna kitu. Aliyatazama yale matundu kana kwamba ndiyo kwanza anayaona. Kisha akanituma dukani nikamletee kiberiti, na yeye hakuwa mtu wa sigara.

Mengine niliyapata vipande vipande, kwa mkewe Milka, kwa mama yangu, na kwa Oketch, kaka yake Milka, ambaye ukimpa kikombe cha chai hakuna siri inayobaki. Nikiyaunganisha yanakwenda hivi.

Enos Wasike, ndiye huyo Baba Metrine, alikuwa Mbukusu wa Kimilili aliyeletwa Kisumu na kazi. Alikuwa fundi wa chuma kwenye karakana ya meli, kule gatini, na siku nyingi alizimaliza ndani ya tumbo la meli akigonga. Mtu anayegonga chuma mchana kutwa huwa hana maneno mengi jioni. Alimwoa Milka, binti wa Nyakach, kwao si mbali na soko la Pap Onditi. Siku ya kupeleka ng'ombe, Oketch alisimama mbele ya wazee.

"Dada yetu anachukuliwa na jamwa," akasema, na jamwa ni mtu yeyote asiye Mjaluo. "Sisi hatukatai. Lakini jamwa akichukua mtoto wetu, siku moja arudi na kitu ambacho hapa hatuna."

Wazee wakacheka. Wasike akasimama, akasema kidogo tu, na hicho kidogo kikamfuata miaka mingi: "Nitarudi na gari. Mama atapanda gari yangu mwenyewe." Kisha akakaa.

Mama huyo ni Dorca, mama mkwe wake. Mwanzoni mwa 1966 macho yake yaliingia ukungu. Alianza kumimina chai nje ya kikombe, halafu akaanza kuwaamkia ng'ombe wa jirani akidhani ni watu. Muuguzi wa zahanati akamwambia ni mtoto wa jicho. Daktari wa macho alikuwa anafika hospitali ya Kisumu mara mbili tu kwa mwaka, Machi na Septemba. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kwenda. La kushoto lingeokolewa, ila lisipite mwaka huo.

Mama Dorca angeweza kupanda basi. Hilo lieleweke, kwa sababu alikuwa anapanda mabasi kabla Milka hajazaliwa. Lakini Wasike alikuwa ametoa neno, na mwezi wa Februari mzungu mmoja wa Koru, aliyekuwa anafungasha mizigo arudi kwao, alitangaza kwamba anauza gari.

Ilikuwa Ford ya 1936, ya kabla ya vita, milango miwili, pistoni nane, taa zimekaa juu ya madigadi, na mgongo wake unateremka taratibu kama wa kiboko anayeingia majini. Ilikuwa inakaa katika banda la trekta na kuku walikuwa wanalala juu yake. Wasike alifungua boneti kwanza. Alisikiliza injini amefumba macho. Akaligonga bati kwa kifundo cha kidole, kipande kwa kipande, kuanzia mlango mpaka buti, na kila mahali likamjibu vizuri. Alikagua springi, tairi, nyaya, mafuta. Kila kitu ambacho fundi wa chuma hukagua, alikikagua. Viti hakuvihesabu. Nani huhesabu viti.

Kiti kilikuwa kimoja. Kirefu, cha ngozi, kutoka mlango mpaka mlango, kinatosha watu watatu wasioshiba. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wenye kidirisha kidogo kama cha kununulia tikiti, halafu buti, basi.

Alifika nayo Kaloleni jioni na msururu wa watoto nyuma. Milka akaizunguka mara moja, akachungulia ndani.

"Baba Metrine, Mama atakaa wapi?"

"Hapo."

"Na wewe?"

Ndipo Wasike alipokiona kile kiti.

Kwetu huku mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia na kuingia majanini. Kwa Wajaluo ni hivyo na kwa Wabukusu ni hivyo, kwa hiyo Wasike hakuwa hata na kisingizio cha ugeni. Alikuwa ameyajua hayo tangu utotoni. Kule Koru yalimtoka tu, kwa ajili ya mlio wa injini.

"Wewe utakaa katikati," akasema.

"Haya," akajibu Milka, kwa ile sauti ambayo wanawake husemea haya wakimaanisha utaona.

Machi ilipofika wakaenda Pap Onditi. Oketch aliwapokea, akaizunguka gari mara mbili, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Shemeji, nusu nyingine inaletwa lini?"

Wasike akazima injini, akashuka. Alikwenda akasimama nyuma ya ghala la mtama, mahali ambapo mkwe husimama. Mama Dorca akatolewa nyumbani, amevaa nguo za kanisani, Oketch anamshika kiwiko. Alipofika kwenye mlango wa gari aliinama, akaweka kiganja juu ya ngozi ya kiti, akakisukuma polepole kuelekea upande wa dereva, kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Kiganja kikaenda, kikaenda, mpaka chini ya usukani. Hakikukuta mwanya.

"Milka. Hiki ni kiti kimoja."

"Ndiyo, Mama, lakini mimi nitakaa katikati."

"Hata wakikaa watu kumi katikati. Kiti kimoja ni kiti kimoja."

"Basi twende na basi, Mama. La saa nne halijapita."

Mama Dorca alijinyoosha. "Mwaka jana ningepanda basi. Leo mume wako ana gari, na soko lote limeiona ikipita. Nikionekana ndani ya basi watu watasema amenikataa. Au watasema mimi nimemkataa yeye. Sitaki wachague." Akamgeukia Oketch, kama unavyoweza kumgeukia mtu usiyemwona. "Nirudishe ndani."

Nyuma ya ghala Wasike alisikia kila neno. Daktari wa Machi akaja, akatibu watu wengine, akaondoka. Gari iliyonunuliwa ili impeleke mama hospitali ndiyo iliyokuwa imemfungia njia, na ilikuwa imebaki miezi sita.

"Iuze," Oketch alimshauri. "Nunua pikapu. Hata mbuzi wanakaa vizuri kwenye pikapu."

"Mama si mbuzi," akasema Wasike, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyoyatoa mwezi huo.

Milka anasema kila jioni mumewe alikuwa anatoka kazini na kukaa kwenye jiwe nyuma ya gari, anaangalia buti. Anafungua, anafunga. Mfuniko ulikuwa na bawaba juu, unafunguka kuelekea mbele kama mdomo. Wiki ya tatu hivi akachukua bisibisi, akatoa bawaba, akazishusha chini. Sasa mfuniko ulifunguka ukilala kwa nyuma, na ulipofika nusu ya njia, mahali alipoweka mnyororo wa kuuzuia, ukasimama kama mgongo wa kiti. Akatazama. Akaingia ndani ya buti, akakaa, miguu ikapata nafasi. Watoto wa Kaloleni walipomwona mtu mzima amekaa kwenye buti la gari yake mwenyewe, anatazama mawingu, wakakimbia kumwita mkewe.

Alimleta rafiki yake Absalom, mshonaji wa maturubai kule gatini, mtu mwenye vidole kama ndizi. Absalom alishona kiti cha turubai ya kijani, akakijaza nyuzi za mkonge, akakipiga ngumi mpaka kikanyamaza. Wasike alichomelea vidato viwili vya chuma, kimoja kwenye bampa na kingine juu ya madigadi, karibu karibu, ili mguu wa mama mzee usipande juu sana na nguo isipande nao. Akaweka mshikio wa bomba la shaba. Kisha wakatoka kuijaribu kwenye barabara ya Dunga, Absalom nyuma, amekaa kama chifu.

Waliporudi, Absalom alikuwa anakohoa. Moshi wote wa ekzosi ulikuwa unamwendea yeye.

"Ukimkalisha mama wa watu hapa," akasema, "utamfikisha akiwa samaki wa kukaushwa."

Wasike akairefusha ekzosi, akaipinda ikatokea ubavuni. Wakaenda tena. Safari hii hakukuwa na moshi. Lakini walipofika kwenye kona ya Dunga, Wasike aliinua macho kwenye kioo cha kuangalia nyuma, na pale, katikati kabisa ya kile kidirisha cha tikiti, aliuona uso wa Absalom ukitabasamu. Pua, meno, macho, vyote. Ukimtazama.

Alisimamisha gari pembeni. Absalom alidhani kuna pancha. Alimwona mwenzake anatoa bisibisi mfukoni, anafungua skrubu moja, ya pili, anakifunga kioo kwa kitambaa na kukiweka chini ya kiti.

"Sasa utamwonaje anayekuja nyuma?"

"Atapiga honi," akasema Wasike.

Septemba wakaenda tena Pap Onditi. Oketch safari hii hakusema neno la nusu. Alimwongoza mama yake mpaka nyuma ya gari, na Mama Dorca akaanza upya kazi ya kiganja. Alipapasa kidato, mshikio, turubai. Alipapasa ukuta wa bati kati ya kiti chake na kile cha mbele, akaugonga kwa kifundo cha kidole, mara mbili.

"Huu ni ukuta kweli," akasema. Kisha akauliza, bila kumwelekea mtu: "Na yule anayeendesha, hana kile kioo chao?"

"Amekitoa, Mama," akasema Milka.

Mama Dorca akaushika mshikio. "Mwambieni mume wa Milka aende nyuma ya ghala. Nataka kupanda."

Akapanda. Milka akaketi kando yake na mwavuli mweusi. Oketch akaingia mbele na kuweka kiwiko dirishani. "Leo mimi ndiye mzungu wa Koru," akasema, na sokoni akawapungia mkono hata watu anaodaiwa nao.

Pale Ahero askari wa barabarani akawasimamisha. Alizunguka gari, akaingiza kichwa dirishani.

"Kioo cha kuangalia nyuma kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kinafanya nini nyumbani?"

"Nimembeba mama mkwe," akasema Wasike, akitazama mbele.

Askari alitembea mpaka nyuma, akamwona mama mzee aliyenyooka kwenye buti, chini ya mwavuli, kitambaa kimefungwa kichwani, macho meupe yanatazama mashamba ya mpunga asiyoyaona. Akamwamkia kwa Kijaluo. Akarudi kwenye dirisha la dereva.

"Nenda polepole," akasema. "Na usigeuke."

Jicho la kushoto lilipasuliwa siku ya Alhamisi. Alipotolewa hospitali, Mama Dorca hakuweza kulala nyumbani kwa mkwe wake, hilo halikuwa hata swali, kwa hiyo alilala siku nane kwetu, nyumba ya tatu kutoka kwa Wasike, kwenye kitanda changu. Ninakumbuka harufu ya dawa na kwamba alinikataza kuruka. Bandeji ilitoka, akapewa miwani mizito, na asubuhi ya tisa akapanda kidato cha kwanza, cha pili, bila kushikwa mkono.

Wasike anasema ile njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Alijua kwamba nyuma yake, upande wa pili wa kidirisha, sasa kuna jicho linaloona, na halina kingine cha kuangalia ila yeye. Hakugeuka. Hata shingo ilipomwasha hakujikuna.

Walipofika, akashuka, akaenda moja kwa moja nyuma ya ghala. Akamsikia Mama Dorca akishuka, na kusimama.

"Mwambieni mume wa Milka," akasema, "kola ya shati lake imeisha kwa nyuma."

Safari iliyofuata alivaa shati jipya. Akaambiwa, kupitia kwa Milka, kwamba kinyozi wake ni mwongo upande wa kushoto. Akabadilisha kinyozi. Miaka kumi ilikwenda hivyo: kwenda kliniki, kwenda kanisani, mara moja mpaka Luanda Kotieno kuona feri ya Mbita, yeye anatazama barabara na mama anatazama kisogo chake. Oketch anasema mama yake angemtambua Wasike katikati ya watu mia, mradi wote wawe wamempa mgongo. Uso wake sidhani kama aliwahi kuuona vizuri.

Mama Dorca alifariki mwaka wa 1976, usingizini. Wasike alimleta daktari wa kuandika cheti cha kifo kwa gari ile ile, akamkalisha mbele.

Mwaka huu, 1978, Wasike na Milka wamehamia mtaa wa Migosi. Nilikwenda kumwona Metrine wakati wa likizo, nikamkuta baba yake uani anapaka grisi bawaba za buti. Nywele zake zimeanza mvi kwa nyuma. Kiti cha turubai bado kipo, ijapokuwa rangi yake siwezi tena kuiita kijani. Na yale matundu mawili bado yapo.

Safari hii sikuwa tena mtoto wa kutumwa kiberiti. Nikamwuliza tena, na nikaongeza kwamba siku hizi mama hayupo, kioo kingerudi tu mahali pake.

Alifungua sanduku la vifaa. Kioo kilikuwa chini kabisa, ndani ya kitambaa kile kile. Alikifuta kwa kidole gumba, akakigeuza huku na huku, akakifunga na kukirudisha.

"Nilikitoa ili nisimwone mtu," akasema. "Nikikirudisha leo nitaona kiti."