Nililainisha shokapu za gari langu la spoti kwa mkono wangu, mwanangu alitaka niliuze

Wakuu, mwaka ni ule sukari ilipopotea madukani, chai tukanywea tende na maandazi ya Kariakoo yakawa kama unatafuna boksi. Wenye kumbukumbu mmeshaupata.

Mimi ni bibi wa wajukuu tisa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayekuja kunisahihisha herufi apite kushoto. Haya yamenipata mwenyewe, siongezi chumvi.

Nauza vitenge Kariakoo, nakaa Mchafukoge.

Mwaka huo nilinunua gari la spoti. La bluu, manual, lina tundu la kupumulia juu ya boneti. Nililikuta linatoka bandarini, nikalipenda kama nilivyompenda marehemu babu yenu, yaani sauti kwanza, sura baadaye.

Pikapu ya mizigo nimeendesha miaka ishirini, sikuona cha kuogopa.

Shida ilikuwa moja tu. Gari gumu! Aliyekuwa nalo huko Japani alilifunga shokapu za mashindano. Ukikanyaga hata ganda la muwa, kiuno kinajua.

Mwanangu mkubwa, Shabani, akapata la kusema.

"Mama, hili gari la vijana. Liuze, nikutafutie kagari ka kistaarabu na dereva, wewe ukae nyuma."

Nikae nyuma? Mimi mzigo?

Kwa hasira nikamjibu mbele ya wakwe zake: siku utakayonishika mkono kunishusha kwenye gari hili, ufunguo ni wako.

Mdomo huu, wakuu.

Nikaenda kwa fundi Gerezani. Akachungulia chini. "Shikamoo bibi. Hili liko chini sana, ndiyo maana linakupiga. Tulinyanyue."

Akaweka spesa, vile vipande vigumu vinavyobanwa juu ya springi, kama tunavyolifanyia Bongo kila gari linaloshuka melini. Na tairi akazijaza upepo zikawa mawe, eti zisipate pancha.

Nikakubali. Na mimi si mtoto wa hapahapa? Tangu lini gari likaguswa Dar bila kunyanyuliwa?

Sasa sikilizeni. Kunyanyua gari si kulilainisha. Shimo unalipita bila kugusa chini, sawa, lakini shokapu ni ileile, na tairi ngumu ndiyo zinaongeza kipigo.

Jioni ile nimefika nyumbani mgongo umekufa. Mguu mmoja nje, mmoja ndani, mbele siendi, nyuma sirudi. Shabani yuko barazani ananitazama. Akaja, akaniingiza mikono makwapani, akanichomoa kama robota la mitumba.

Halafu akanyoosha kiganja.

"Mama, funguo."

"Hukunishika mkono. Umenishika kwapa."

"Mama jamani! Umeahidi mbele ya watu!"

"Kawaite hao watu."

"Utavunjika mgongo, mama."

Nimejishikiza ukutani, machozi yananilenga, nikamwambia: "Gari langu, mgongo wangu, ufunguo siutoi."

Nililala chali siku mbili.

Siku ya tatu nikafungua boneti niongeze maji. Jicho likaenda kwenye vichwa vya shokapu. Kila kimoja kina kitufe cha kuzungusha, kama kile cha kupandishia tambi kwenye jiko la mafuta ya taa. Nikajaribu kulia, kikagoma. Kushoto kikalia, ka! Ka! Ka!

Yaani muda wote gari lilikuwa limekazwa hadi mwisho, na sisi tunahangaika kulinyanyua!

Nikamrudia fundi. Toa spesa zako. Punguza upepo, fuata namba za kwenye kibandiko cha mlangoni.

"Na hivyo vitufe usiguse bibi, utaharibu."

"Wewe umewahi kuvigusa?"

Akaingia chini ya gari kutoa spesa.

Vya nyuma nikavikuta kwenye buti, chini ya zulia. Nikazungusha vyote vinne, nahesabu kwa sauti kama ninavyopima kitambaa. Kwa uchu nikalegeza hadi mwisho.

Hapo nilikosea, sifichi. Kufika Jangwani nikashika breki, pua ikazama. Kwenye kona gari likayumba kama mlevi wa mnazi. Laini hiyo ni ya kukuua.

Basi nikawa nakaza kidogokidogo. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka, mlio mmoja au miwili, kulia na kushoto sawasawa, kisha napita njia ileile hadi Magogoni na kurudi. Kiuno ndiyo kipimo changu. Asubuhi ya tano nikapata: ukianzia kwenye ugumu wa mwisho, rudi milio kumi na moja mbele, kumi na tatu nyuma.

Shimo sasa nalisikia kwa masikio.

Ijumaa nikamwambia Shabani, panda. Nilimpitisha Kariakoo yote na mashimo yake. Kufika foleni ya kivuko, mtu kalala! Mdomo wazi, anakoroma.

Nikashuka mwenyewe, nikazunguka, nikamfungulia mlango. "Nikushushe, baba?"

Alicheka hadi akakohoa. Ya kuuza hajayataja tena.

Nilichojifunza: kabla hujabadilisha kitu, jua kwanza ulichonacho kinafanya nini. Na fundi akikwambia usiguse, muulize yeye kagusa lini. Gari la mwenzako litakuwa na hesabu yake, msije mkazungusha kumi na moja mkanilaumu.

Wanaojua shokapu kuliko mimi waseme hapa chini. Wa kucheka nao karibuni, mradi waje na magari yao.

Mnaokuja PM kuulizia bei, someni jibu hapahapa. Wewe Shabani pia, najua unasoma. Hadi jana umekuja na sauti ya asali, "Mama, maadamu limekuwa laini, niachie Jumamosi nimbebe bibi harusi wa rafiki yangu."

Gari langu, mgongo wangu, ufunguo siutoi.