Taa ya Vifaranga

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mafunzo ya mifugo pale Embu, nilikabidhiwa fagio. Nilikuwa nimemaliza shule, najua kusoma na kuandika, nimevaa kaptura iliyopigwa pasi, nikidhani nitapewa kalamu. Mkufunzi wetu wa kuku, mtu mfupi asiyecheka, aliniambia, "Ukishindwa kukausha sakafu, hata hao vifaranga usiwaguse." Nilifagia wiki nzima huku nimenuna.

Lakini mkufunzi yule alijua kazi. Alitufundisha bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga wasio na mama. Unazungushia mkeka uwe duara, kwa sababu kwenye pembe vifaranga hurundikana na kukosa hewa. Chini unamwaga maranda ya mbao, makavu, la sivyo watahara damu. Maji unayaweka kwenye sahani yenye mawe madogo ili wasizame. Katikati unaning'iniza taa ya chemni. Wakijikusanya chini yake wakilia, wana baridi. Wakikimbilia kandoni na kuachama midomo, wamezidiwa na joto. Wakitawanyika kimya, nenda ukanywe chai.

Nilipelekwa Meru, upande wa Githongo, kufundisha ufugaji wa kuku, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na Mau Mau. Watu walikuwa wamehamishwa mashambani na kusongamanishwa katika kijiji kipya chenye handaki pande zote, na handaki hilo walikuwa wakilichimba wao wenyewe, wanawake kwa wanaume. Mkubwa wangu, Bwana Mifugo, Mzungu mwenye gari la wazi, aliniletea vifaranga hamsini wa serikali na kitabu cha kuwalelea. Kila mradi ulipewa mlezi mmoja, na mlezi alisamehewa kuchimba handaki.

Mlezi wangu aliitwa Mama Karimi. Mumewe alikuwa kizuizini, na yeye alikuwa na mimba ya miezi minane. Hedimani, yaani msimamizi wa kijiji, alimkubali shingo upande. "Vifaranga vikipungua nusu, mradi umekwisha," alisema mbele yetu sote. "Na wewe mama utarudi kwa jembe, hata kama ni kesho unazaa." Hakuwa akitania. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwona mwanamke mwingine akiinuliwa kutoka handakini akivuja damu.

Sasa tazama akili za wakubwa. Kitabu kilitaka taa iwake usiku kucha. Kafyu ilikataza taa yoyote kijijini baada ya jua kuzama. Nilikwenda kwa Bwana DO, mkuu wa tarafa, nikasimama mlangoni asubuhi nzima, akanijibu kwa sentensi moja kwamba mwanga unaruhusiwa tu kwenye kituo cha homgadi, yaani walinzi wa kijiji wa serikali. Bwana Mifugo akaona hapo hakuna shida kabisa. "Basi weka kuku kwa kituo," alisema. "Kitabu nasema taa. Wewe fuata kitabu."

Nikafuata. Bruda likawekwa katikati ya walinzi wenye bunduki, na baridi ya Julai huko kwetu mnaijua. Asubuhi ya kwanza nilikuta kumi na mmoja wamekufa, wamelaliana kama nguo chafu. Walinzi walikuwa wameing'oa taa wachezee karata. Nilimlalamikia mkubwa wao. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, taa ni ya serikali. Na sisi ni nani?" Asubuhi ya pili walikufa wanane. Nilitamani kukipasua kile kitabu.

Mama Karimi alikuja na kikapu. Hakuniomba ruhusa. Aliokota wale thelathini na mmoja, mmojammoja, kwa shida, maana kuinama kulimuuma.

"Unawapeleka wapi?" nilimuuliza.

"Kwangu. Wewe mwalimu baki na taa yako."

Nyumbani kwake alikuwa na chungu kikuukuu. Jioni kabla ya kafyu alikitia makaa, akayafunika kwa majivu mengi, akakiweka katikati ya duara la maganda ya mgomba. Juu aliacha upenyo wa moshi. Joto lilitoka hadi alfajiri bila mwanga kuonekana hata kidogo. "Mama yangu alilea hivi wale wasio na mama," alisema. "Hamkufunzwa huko Embu?" Hatukufunzwa. Wakati huo wote taa iliendelea kuwaka kituoni, ikimulika karata.

Walikufa wawili tu, na walinzi, waliobaki na taa, hawakumshtaki mtu. Baada ya wiki tano Bwana Mifugo alifika, akawakuta ishirini na tisa wenye manyoya, wakichakura uani kwa Mama Karimi. Akafurahi, akidhani wamehamishwa kutoka kituoni walipoota manyoya.

"Hii yote nakuwa mkubwa kwa taa?"

Hedimani alikuwa ubavuni mwake. Mama Karimi alikuwa mlangoni, ameshika kiuno. Kusema chungu kulikuwa kusema moto baada ya kafyu na vifaranga wa serikali kuondolewa kituoni bila kibali. Nilijibu, "Ndiyo bwana. Kwa taa." Akaandika. Siku nne baadaye Mama Karimi alijifungulia kitandani mwake, mtoto wa kike, mzima.

Ningependa kuishia hapo, lakini alichoandika Bwana Mifugo kikawa maagizo. Nikapandishwa cheo, nikatumwa Kiirua, kisha Mikinduri, ambako kafyu ilikuwa imelegezwa, kufundisha taa. Wanawake walionunua mafuta kwa tabu walinisikiliza, mafuta yakaisha, vifaranga wakafa, nikaandika kwamba wenyeji ni wazembe. Hasira niliyokuwa nayo kwa wakubwa wangu sikujua niipeleke wapi.

Miaka mingi baadaye, kafyu imeshasahaulika na Wazungu wameondoka, nilifundisha mkutanoni Githongo. Mama Karimi alikaa mbele na binti yake, yule wa siku zile, sasa mtu mzima. Mwanamke mmoja akauliza afanye nini asiye na mafuta. Hakukuwa na hedimani wala Bwana Mifugo wa kuogopwa, ila mkaguzi kijana mmoja, aliyekuja kupima kama nafaa kupandishwa tena. Nilimwambia yule muulizaji akope mafuta kwa jirani.

Mama Karimi hakufungua mdomo. Alidhani bado namlinda, kumbe nalinda cheo changu. Nimestaafu siku nyingi sasa, na ndilo linaloniudhi kuliko homgadi, karata na kitabu vikiwekwa pamoja: alikaa kimya hadi mwisho kwa shukrani, na mkutano ulipokwisha alikuja kunishika mkono.