Nguo ya kijani ya Wamaza

Leo nimeaibishwa mbele ya watu, na bado nacheka peke yangu.

Mama Zaina, mshonaji wa hapa Kasongo, ndiye mteja wangu wa kwanza. Nilimtengenezea tovuti ya kuonyesha nguo zake. Asubuhi ananiita dukani, simu iko mkononi:

"Site yako iko mubaya! Shemeji yangu wa kule kijijini Wamaza anaifungua, akifika nyumbani hakuna kitu!"

Wateja wote wakanitazama.

Kumbe kwao rezo, mtandao wa simu, iko juu ya kilima tu. Shemeji anapanda, anaona nguo, anashuka kumuonyesha mke wake, ukurasa umepotea.

Na mimi nilikuwa naijaribia hapa mjini! Niambieni, nani angefikiria kilima?

Nikakaa palepale na kompyuta yangu, katikati ya vitambaa. Nilikuwa nimejifundisha namna ya kufanya ukurasa ubaki ndani ya simu hata bila rezo, ila sikuwahi kuitumia kwa kazi ya mtu. Safari hii nikaiweka kwenye tovuti ya Mama Zaina.

Shemeji alikuwa bado kilimani, analalamika kwenye simu ya Mama Zaina. Nikamwambia:

"Fungua tena, shemeji. Halafu ushuke."

Akafungua, akashuka.

Mama Zaina ananitazama, mimi natazama simu. Ndipo nikakumbuka: hata ikikubali, kutuambia lazima mtu apande tena!

Mwishowe simu ikalia. Si shemeji. Ni mke wake, anahema:

"Mama Zaina, nguo nimeziona nyumbani, nimepanda mwenyewe kukupigia. Nataka ile ya kijani, ya tatu kutoka juu."