Mzizi wa Pembeni Nao ni Dawa

Asubuhi, maabara bado inanuka spiriti ya jana. Mwanamke mwenye koti jeupe lililochakaa mifukoni anamimina unga wa mizizi juu ya mizani, anapunguza kwa ncha ya kijiko, anaongeza chembe, kisha anashusha pumzi. Wenzake humwita Mama Mizizi. Jina limemganda kama ulimbo, wala halikatai.

Kazi yake ni kupima kiasi cha dawa kilichomo ndani ya mizizi. Huisaga, huiloweka kwenye spiriti, huichuja, kisha maji yake huyapitisha kwenye mashine inayotenganisha kemikali na kuchora vilima kwenye kompyuta.

"Kilima kikiwa kirefu, dawa ni nyingi," anaeleza. "Kikiwa kifupi, mgonjwa anakunywa uchungu wa bure."

Aliyemtia kwenye mizizi ni shangazi yake, mganga wa mitishamba aliyemlea baada ya kufiwa na mama. Mti anaotibia tumbo umeadimika, kwa kuwa wachimbaji huung'oa wote wakiamini nguvu iko kwenye mzizi mkuu. Mwaka jana shangazi alirudi porini mikono mitupu, akaketi mlangoni bila hata kuvua viatu.

"Nikamwambia, shangazi, niletee mizizi ya pembeni niipime. Akanikodolea macho: 'Nilikupeleka shule usome, siyo uje kunipima mimi!'" anasimulia, akicheka hadi miwani inateleza.

Walinuniana. Hatimaye shangazi akaja mwenyewe na kifurushi, akasimama kando ya mashine kama anayesubiri mtoto azaliwe.

Mizizi myembamba haikuwa na kitu. Lakini ile minene kama kidole ilipandisha kilima sawa na cha mzizi mkuu. Mama Mizizi hakuamini; akarudia kwa miti mingine ya aina hiyo. Jibu likawa lile lile.

"Kwa hiyo mti nauacha hai?" shangazi aliuliza.

"Unauacha. Unakata wa pembeni, unafukia, unauacha upone."

"Na yote niliyoing'oa, mwanangu?"

Mama Mizizi alimshika mkono tu.

Sasa shangazi anazunguka kwa waganga wenzake akiwaonyesha pa kukata. Mama Mizizi ameotesha miche nyuma ya maabara, aone kama mti wa bustanini utakuwa na dawa kama wa porini. Mizizi itachukua miaka kunenepa.

"Nitangoja," anasema. "Shangazi ameapa hafi kabla hajaona kilima cha miche hii."