Salim kazikwa, mimi napima power supply

Jamani, mnaonitumia pole, asanteni. Ila mimi mwenyewe sijaelewa napewa pole ya nini.

Salim. Fundi kompyuta mwenzangu pale mjini, Mawenzi, miaka yote tunashea meza moja. Juzi jioni katoka kazini kwenda kwao Shirimatunda, mzima kabisa, anatafuna karanga. Jana alfajiri wamemkuta amekufa usingizini. Hakuumwa hata kichwa. Aisee!

Wengi wenu mnamjua kama yule fundi mbishi. Unamletea power supply ya kompyuta yako, unamwambia feni inazunguka, si nzima hiyo? Anakujibu, "Na wewe ukiwa na homa si unatembea?"

Kwake kupima kwa multimeter kulikuwa kwa kusalimiana tu. Alifunga taa za gari ziwe load, mzigo wa kula umeme, akachomeka scope yenye kioo kinachochora umeme, akakaa anautazama ule mstari wa volti kumi na mbili aone kama unatetemeka. Ripple, yaani huo mtetemo, ikizidi, hakupi. Ukigomba sana anakununulia soda, na power supply bado hakupi.

Krismasi alipanda kwetu Masama. Baba akampa yeye kisu achinje mbuzi, ili wote tule. Mama akamjazia mtori bakuli mbili. Alishuka mjini analalamika kwamba Wachagga tumemharibia tumbo.

Sasa lililonichanganya ni hili. Juzi, kabla hajatoka, aliniachia power supply ya kompyuta ya wakusanya maziwa. Inajizima yenyewe, lakini ukiipima ni nzima. Akaniambia, "Eli, kesho iwashe na load yote, usizime mpaka mchana. Nadhani inachafuka ikipata joto."

Jana asubuhi nafungua ofisi, Hamisi, mdogo wake, anapiga simu. "Kaka Eli, Salim ametutoka."

Nikamjibu, "Sawa." Sawa! Nani anajibu msiba sawa?

Nikawasha zile taa, nikakaa mbele ya scope. Mazishi sikuyawaza kabisa. Kwetu mlimani siku ya kwanza huulizi tunazika lini, kikao cha ukoo hakijakaa, ndugu wa Dar hawajafika. Najua Waislamu wanazika mapema, nimeishi nao mjini miaka yote. Lakini jana akili yangu ilikuwa imepanda Masama, ikaniambia tulia, Jumamosi utamuaga.

Mstari ulinyooka asubuhi nzima. Mchana ukaanza kutetemeka, kisha ukachafuka kabisa. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikashika simu nimpigie Salim.

Ndipo nikaona Hamisi amenitafuta mara nyingi. Kwa kelele za feni sikusikia hata moja.

Nafika Shirimatunda, watu wanarudi kutoka makaburini.

"Shikamoo mzee," nikamwambia baba yake. "Nisamehe. Nilidhani tunazika Jumamosi."

"Marahaba, mwanangu. Salim alinieleza. Alisema ninyi wa mlimani, marehemu lazima asubiri ajenda zote ziishe."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, halafu nikalia, halafu sikujua tena nafanya kipi. Mzee akanivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka karibu naye. Mpaka sasa sijui kama nilisamehewa au nilisemwa.

Salim, wenzangu walikubeba, wakakuona ukishushwa. Wao wanajua umekufa. Mimi nimeambiwa tu. Leo mlango wa ofisi ukifunguka nainua kichwa nikuambie ulikuwa sahihi, na anaingia mteja.

Lala unono, ndugu yangu, Mwenyezi Mungu akupokee. Mimi nivumilie kidogo. Wao wameshakuzika, mimi bado.