Msaragambo Usio na Makande

Mjukuu wa mwenye duka mmoja wa zamani alikuja kijijini kwetu na kibao cha marumaru, akitaka barabara ya kupandia mlimani ipewe jina la babu yake. Mwenyekiti wa kijiji alishakubali, maana alikuwa ameahidiwa mabati ya zahanati. Niliposikia, nilikasirika. Barabara ile mama yangu aliichimba kwa jembe.

Huyo babu alifika Same kutoka ng'ambo na robota la nguo. Akafungua duka karibu na stesheni, akauza chumvi na mafuta ya taa, akanunua kahawa yetu kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Hilo simlaumu sana, mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Kisha Waingereza wakamteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria, eti atusemee. Atusemee nini? Lugha yetu yenyewe, Chasu, aliijua kwa kupatana bei ya ngozi tu.

Alitaka malori yafike kahawa iliko. Basi akaliambia baraza kwamba watu wa milima hii wana desturi yao ya msaragambo, hulima njia kwa furaha bila malipo. Kwa furaha! Muda si muda askari wakapita nyumba kwa nyumba na viboko. Mama alikuwa na mimba yake ya kwanza, tena kubwa. Kwenye kona ya juu ya korongo alianguka, mtoto akatoka amekufa. Hawakumpa hata siku za kulala, wakamrudisha kazini.

Siku ya kufunua kibao nilimsihi mama abaki nyumbani, miguu yake imechoka.

"Nikibaki wataandika wanavyotaka," alisema. Nikampakia bodaboda, mimi nyuma nimemshika kiuno.

Tulikuta nguzo ya saruji imesimamishwa palepale kwenye kona, na kibao kimeegemezwa chini. Kiliandikwa kwamba marehemu ndiye aliyewaita wananchi kwenye msaragambo wa barabara hii. Ee Mungu wangu! Mjukuu, bwana wa makamo mwenye adabu zake, alivua kofia akamwinamia mama.

"Shikamoo, bibi."

Mama kimya. Watu wakaguna. Mama yangu hajawahi kumnyima mtu marahaba, hata mlevi.

"Msaragambo unaujua?" akamuuliza.

"Ndiyo, bibi. Ni watu kufanya kazi kwa umoja."

"Na anayewaita hao watu, hufanya nini?"

Bwana akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama viatu vyake.

"Hushika jembe pamoja nao, kisha huwalisha," mama akasema. "Haya, niambie. Babu yako alitupikia nini?"

Wanawake wakaangua kicheko. "Hata makande?" mmoja akapaza sauti. "Jamani, hata makande makavu?" Nami nilicheka, tena kwa ubaya, nikimtazama mjukuu usoni ili aone.

Bwana yule akasema kibao kinaweza kuandikwa upya, liwekwe jina jingine wanalolitaka wenyeji.

"Tuweke la nani, bibi?"

"La mwanangu wa kwanza. Alitoka tumboni hapa uliposimama."

Alisogea nyuma. "Pole sana, bibi. Aliitwa nani?"

"Hakupata jina."

Kicheko kilikwisha. Bwana akakifunga kibao kwa kitambaa chake, akakipakia garini, akateremka nacho Same. Mabati hayakuja, na mwenyekiti akiniona hununa. Anune tu, atachoka mwenyewe.

Mama alisema nguzo isivunjwe, na wala isiandikwe neno. Ipo hadi leo kwenye kona, tupu. Wageni wanaopanda mlimani huniuliza ni kumbukumbu ya nani. Nawajibu kwamba ni ya kaka yangu.