Maji ya Karai

Ule mwaka mvua ilitunyima viazi, tukala ugali na majani ya malenge hadi watoto wakaanza kulia wakiona sufuria, ndio ninaokuhadithia, mwanangu. Si zamani. Nilikuwa na mvi tayari, kwa hivyo usifikiri ujinga ni wa vijana peke yao.

Hapa kwetu Bahati tuna chemchemi moja chini ya kilima cha mawe. Kilima ni cha kikundi chetu cha akina mama, na mwenyekiti ni mimi. Chemchemi ilikuwa inakauka. Akaja mwenye machimbo ya mawe kutoka Milimani, akasema tumpe kilima, yeye atuchimbie kisima kirefu. Wengi walikubali. Nani anakula mawe?

Mjukuu wangu Wairimu, yule aliyesomea sayansi ya nyuklia nami nikadhani atatengeneza bomu, akasema tungoje. Maji yana alama ndani yake, na maabara anakofanya kazi inaweza kusoma yametoka wapi. Akaniachia chupa. "Shosho, mvua ikinyesha, jaza pale yanapotokea, hadi juu kabisa, ufunge hapo hapo."

Mvua ikanyesha. Maji yakatoka na tope. Mimi, mwenyekiti mzima, nipeleke tope kwa wasomi? Nikayaweka kwenye karai juani siku tatu yatulie, nikachota ya juu, safi kama ya kupewa mgeni. Nilijisifu, kweli.

Majibu yakaja: maji haya yamekaa juani sana, lazima ni ya bwawa la jirani yanayopenya chini kwa chini. Kilima hakihusiki. Mwenye machimbo akaleta karatasi siku hiyo hiyo. Ilitaka alama za vidole vya viongozi watatu. Katibu na mweka hazina wakaweka vyao. Kikabaki changu, wino tayari umekilowesha.

Mtu akamuuliza Wairimu, aliyekuja kutusomea majibu, walijuaje.

"Jua likinyonya maji, mepesi hupaa kwanza, mazito hubaki. Hiyo alama haifichiki."

Mwanangu, nikakumbuka lile karai langu. Nikisema, namwaibisha mjukuu wangu mbele ya watu, na ni kazi yake ya kwanza. Nikinyamaza, kilima kinapasuliwa.

"Yalikaa juani kwangu," nikasema. "Kwa karai. Siku tatu."

Mama Njeri, katibu, akacheka hadi leso ikaanguka. "Kumbe mwenyekiti aliwaanikia wasomi maji!"

"Mathe, hayo ni maneno madogo," akasema mwenye machimbo. "Weka kidole tumalize."

"Kidole changu hakiendi hapo."

Wairimu hakunikasirikia. Alinikumbatia, wino ukamwingia kwenye blauzi. Akajaza chupa mwenyewe, kijiji kizima kikitazama. Safari hii majibu yalisema chemchemi yetu inakunywa mvua ya kilima kile kile cha mawe, inayoingia kwenye nyufa. Tukakizungushia ua, tukapanda miti, tukafukuza ng'ombe. Januari hii, jua la kupasua kichwa, mitungi inajaa kwetu mchana kutwa, hata shule inachota hapa!

Sasa sikiza. Ukiambiwa ulete kitu, kilete kilivyo, na tope lake. Na ukikosea, sema kabla wino haujakauka, hata kama watacheka. Mungu akupe maji matamu, meno meupe hadi uzeeni, na wajukuu wenye akili kukushinda.

Na yule bwana? Juzi amerudi na mkate na soda, karatasi mpya kwapani. Mkate nilikula. Kisha nikamwambia:

"Kidole changu hakiendi hapo."